Xavier: mtoto wa Nyumba Mpya aliyepita Malindi



Wapenzi wa kandanda mnaukumbuka mwaka 2010, Uhispania iliponyakua Kombe la Dunia kule Johannesburg. Katikati ya uwanja walikuwa Xavi na Xabi Alonso, na kwenye kikosi alikuwemo kijana mwengine, Javi Martínez. Barazani tulibishana mpaka usiku nani kati yao ni fundi zaidi, na hakuna hata mmoja wetu aliyetanabahi kwamba wote watatu wana jina moja. Xavi, Xabi na Javi ni vifupisho vya Xavier, au Javier kama wanavyoandika Wahispania. Na jina hilo, asili yake, halikuwa la mtu. Lilikuwa la nyumba.

Ni neno la Wabaski, watu wanaokaa pande mbili za milima ya Pyrenees, baina ya Uhispania na Ufaransa. Lugha yao haijulikani kuwa na udugu na lugha nyengine yoyote iliyo hai. Kwa Kibaski etxe ni nyumba na berri ni mpya. Etxeberri ni Nyumba Mpya, na kwa kutamkwa na watu wa lugha nyengine likawa Xavier. Wabaski wengi wana majina ya ukoo yaliyotoka kwenye nyumba za wazee wao. Sisi wa pwani jambo hili halitupi tabu kulielewa, kwani nasi tukitaka kumjua mtu twauliza ni wa mlango gani, ni wa nyumba ya nani.

Na kwa kuwa nyumba mpya haikosi kujengwa kila kijiji, jina lilizagaa kwa sura nyingi: Etxeberria, Echeverría, Etcheverry, Chavarría. Meksiko ilitawaliwa na Rais Luis Echeverría kuanzia 1970 hadi 1976. Argentina kuna wilaya nzima karibu na Buenos Aires iliyopewa jina la mwandishi Esteban Echeverría. Bolivia kuna mji wa San Javier. Hata hapa Mombasa, miongoni mwa Wagoa walioishi nasi miaka na miaka, na katika Wakenya Wakatoliki kwa jumla, jina la Xavier si geni.

Lakini aliyelifikisha jina hili kila pembe ya dunia ni mtu mmoja, na mtu huyo alikanyaga mchanga wa Malindi mwaka 1542. Wakristo wanamwita Mtakatifu Fransisko Xavier. Mimi ni Muislamu na sina haja ya kumpamba wala kumpaka matope. Nataka tu kuyaeleza maisha yake, kwa sababu ndani yake mna swali aliloulizwa na mzee wa Malindi, na swali lenyewe bado linatuhusu.

Alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Xavier, ufalme wa Navarra. Baba yake, Juan de Jaso, alikuwa msomi wa sheria na mkuu wa baraza la mfalme. Nyumba ya Xavier haikuwa ya baba. Ilikuwa ya upande wa mama, María de Azpilcueta, na mtoto akalichukua jina la nyumba ya mamake. Watu wa Lamu hapa watatabasamu, kwani kwao pia nyumba ya mawe ilikuwa ni haki ya binti.

Alipokuwa na miaka sita, mwaka 1512, majeshi ya mfalme wa Aragon na Castilla yaliivamia Navarra na kuimeza. Baba alifariki mwaka 1515. Mwaka uliofuata, Kadinali Cisneros, aliyekuwa akishikilia utawala wa Castilla, aliamuru ngome za Navarra zivunjwe. Mafundi wakaja Xavier, wakabomoa kuta, wakakata minara, wakafukia handaki. Mtoto wa miaka kumi akasimama akitazama Nyumba Mpya ikifanywa gofu. Kaka zake wawili, Miguel na Juan, walishika silaha upande wa mfalme wa Navarra aliyefukuzwa. Katika vita hivyo hivyo, mwaka 1521, upande wa pili kulikuwa na askari wa Kibaski aitwaye Iñigo wa Loyola, aliyevunjwa mguu kwa mzinga akiutetea mji wa Pamplona. Yashike majina hayo mawili, kwa maana mahasimu hawa walikuja kukutana.

Mwaka 1525 Fransisko alikwenda kusoma Paris. Alikuwa hodari wa kuruka na kukimbia, na alitaka cheo na maisha mazuri ili aliinue jina la nyumba iliyoanguka. Mwaka 1529 aliletewa mwenzake wa kukaa naye chumba kimoja, mtu mzima anayechechemea. Alikuwa ni yule Iñigo, ambaye sasa ameacha silaha, ameshika dini, na anajiita Ignatius. Fransisko hakumpenda, na alimfanyia shere muda mrefu. Polepole Ignatius alimvuta. Tarehe 15 Agosti 1534 watu saba, wao wawili wakiwemo, walikwenda kwenye kilima cha Montmartre wakaweka nadhiri ya ufukara na utumishi. Huo ndio mwanzo wa Shirika la Yesu, wanaoitwa Wajesuiti, lililoidhinishwa na Papa mwaka 1540.

Mfalme wa Ureno aliomba mapadri wa kwenda India. Aliyechaguliwa aliugua, na Xavier akaambiwa ashike nafasi yake kwa muda mfupi mno. Alikubali. Aliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35, na hakurudi tena Ulaya.

Safari hiyo ilikuwa ya taabu. Jahazi lilipofika kisiwa cha Msumbiji, upepo wa kuvukia ulikuwa umepita, wakangoja karibu miezi sita. Wagonjwa walikuwa wengi. Xavier aliwauguza mpaka mwenyewe akashikwa na homa. Mapema mwaka 1542 waliondoka kuelekea kaskazini, wakatia nanga Malindi.

Hapa inafaa tukumbushane. Malindi ya wakati ule ilikuwa na urafiki na Wareno tangu Vasco da Gama alipopokewa mwaka 1498. Mombasa haikuupata urafiki huo. Mvita ilichomwa moto mwaka 1505, ikachomwa tena mwaka 1528. Kwa hivyo Xavier alifika kwenye mji wa Waislamu waliokuwa wakifanya biashara na Wareno kwa amani, ilhali majirani zao wangali wanaukumbuka moto. Meli za mfalme ndizo zilizombeba padri, na ndizo zilizobeba mizinga.

Kukaa kwake Malindi kulikuwa kwa siku chache tu, na habari zake twazijua kutokana na barua aliyoiandika mwenyewe baadaye mwaka huo huo akiwa Goa. Mtu mmoja alikuwa amefariki chomboni, wakamzika Malindi. Xavier anaeleza kuwa Waislamu wa mji waliyatazama mazishi yale na wakayasifu. Mpaka leo, karibu na bahari, lipo lile kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti, na makaburi yako uani kwake. Nimepita hapo mara nyingi nikienda zangu sokoni bila kugeuza shingo.

Ndipo akajiwa na mmoja wa wakubwa wa mji, Muislamu mwenye heshima yake. Jina lake Xavier hakulitaja. Mzee huyo alimuuliza kama makanisa ya Wakristo huwa yanajaa watu, na kama watu wa dini yake wana bidii katika sala. Sababu ya kuuliza ni kuwa alikuwa na jambo linamkera. Alimueleza kwamba ibada imepoa Malindi. Mji ulikuwa na misikiti 17, na iliyokuwa ikisaliwa ni mitatu tu, tena kwa watu wachache. Alitaka kujua kama Wakristo nao wamefikwa na msiba huo, na ni dhambi gani iliyowaletea.

Walizungumza kwa kirefu. Xavier alimjibu kwamba Mungu hazipendi sala za wasiokuwa wa dini ya kweli, yaani yake yeye, na ndiyo maana amewaachia zife. Mzee hakuridhika na jibu hilo. Wakaagana, kila mmoja akabaki na lake.

Nimelifikiri sana jambo hili. Mzee hakuja kutafuta mjadala wa dini. Alikuja kama muumini anayemfuata muumini mwengine, mgeni msomi kutoka mbali, amweleze uchungu wa mji wake. Na huenda huyo mgeni alikuwa na jibu bora kuliko alilotoa, kwa sababu hata yeye aliona Wakristo wenzake wa Goa na Malaka wakiishi kwa ulafi na udhalimu, na barua zake kwa mfalme wa Ureno zimejaa malalamiko juu ya maafisa waliowanyonya wenyeji. Angeweza kusema kweli, hata kwetu ni hivyo hivyo. Hakusema.

Kutoka Malindi walipita Sokotra, na tarehe 6 Mei 1542 wakafika Goa. Huko alitembea mitaani na kengele mkononi akiwakusanya watoto na watumwa kuwafundisha. Alikwenda kwa wavuvi wa lulu wa kusini mwa India, na anasimulia kwamba hawakuelewana, kwani lugha yao ilikuwa Kimalabari na yake ilikuwa Kibaski. Akatafuta wakalimani, akazitafsirisha sala, akazihifadhi kwa moyo. Mwaka 1545 alikuwa Malaka, kisha akaenda visiwa vya Maluku, kwenye nchi ya karafuu.

Na liko jambo ambalo haifai kulificha. Mwaka 1546 alimwandikia mfalme wa Ureno kuomba ipelekwe Goa mahakama ya kuchunguza imani za watu, ile iliyokwisha kuwatia hofu Wayahudi na Waislamu wa Uhispania na Ureno. Mahakama hiyo ilianzishwa Goa mwaka 1560, yeye akiwa amekwisha kufa, na ikadumu mpaka karne ya 19 ikiwatesa watu kwa imani zao. Mtu aliyeona nyumba yao ikivunjwa kwa amri ya mkubwa alisaidia kufungua mlango wa nyumba za wengine kuvunjwa. Wanaomwita mtakatifu wanayo haki yao, na walioumizwa wanayo haki ya kukumbukwa.

Tarehe 15 Agosti 1549 alifika Kagoshima, Japani, pamoja na Mjapani aitwaye Anjirō. Japani ilimfundisha. Hapakuwa na mizinga ya Wareno nyuma yake. Alitumia jina la Dainichi kumuita Mungu, mpaka akatambua kuwa neno hilo lina maana nyengine kabisa kwa wafuasi wa Budha, akaliacha. Aliona kuwa nguo zake za kifukara zinadharauliwa, akabadilisha, akaenda kwa mtawala wa Yamaguchi kwa mavazi mazuri na zawadi. Alijadiliana na watawa wao na akaisifu akili ya Wajapani. Nadhani lau mzee wa Malindi angekutana naye wakati huo, mazungumzo yangekuwa mengine.

Kutoka Japani alitamani kuingia Uchina, iliyokuwa imewafungia wageni. Alikaa kwenye kisiwa cha Shangchuan, bara akiiona kwa macho, akimngojea mfanyabiashara amvushe kwa siri. Mfanyabiashara hakutokea. Homa ikamshika. Alifariki tarehe 3 Disemba 1552, umri wake miaka 46, kando yake yuko kijana wa Kichina aitwaye António. Maiti yake ilipelekwa Malaka, kisha Goa, ambako imehifadhiwa mpaka leo katika kanisa la Bom Jesus. Mwaka 1622 Roma ilimtangaza mtakatifu, siku moja na Ignatius, yule aliyekuwa upande wa maadui wa kaka zake.

Ngome ya Xavier nayo ilijengwa upya. Kila mwezi wa Machi maelfu ya watu wa Navarra huiendea kwa miguu, na tarehe 3 Disemba ni sikukuu ya jimbo lao. Nyumba iliyobomolewa ili isikumbukwe ndiyo iliyowapa wanasoka jina, na miji, na shule, na vyuo.

Mzee wa Malindi hakuachiwa jina. Hatujui alikuwa wa mlango gani wala kaburi lake liko wapi. Alichoacha ni hesabu yake: misikiti 17, inayosaliwa mitatu. Nasi leo tuna misikiti mizuri kuliko yake, ya marumaru na mazulia na vipaza sauti. Kesho alfajiri, ndugu yangu, toka uende msikiti wa mtaani kwenu, kisha uhesabu safu. Usiihesabu misikiti, hesabu safu. Ukikuta ni moja, tena haikujaa, ujue lile swali bado linangoja jibu, na mgeni wa mbali hatalijibu kwa niaba yetu.

Wallahu aalam.