Kardinali Mindszenty: miaka 15 ndani ya ubalozi

Wadau, mtu akikuambia kuna kiongozi wa dini aliyekaa ndani ya ubalozi wa nchi nyingine miaka 15, utadhani anakusimulia filamu. Sio filamu.

József Mindszenty alizaliwa 1892 huko Hungaria, akapata upadri 1915. Mwaka 1944 akawa askofu wa Veszprém, na mwaka huohuo akatiwa ndani na serikali kibaraka wa Hitler. Kwa hiyo asije mtu akasema mzee huyu alikuwa na ugomvi na wakomunisti peke yao.

Vita ikaisha, akawa Askofu Mkuu wa Esztergom 1945 na kardinali 1946. Wakomunisti walipotaifisha shule za Kanisa mwaka 1948, akagoma kukaa kimya. Desemba 26 wakamkamata. Lakini alikuwa ameshaacha karatasi akionya kwamba wakisikia amekiri lolote, wasiamini. Kweli bwana, baada ya wiki kadhaa za kipigo na kunyimwa usingizi, Februari 1949 akakiri mahakamani. Akapigwa kifungo cha maisha kwa uhaini.

Oktoba 1956 wananchi wakaamka, mzee akatolewa. Uhuru wenyewe siku chache tu! Novemba 4 vifaru vya Urusi vikaingia Budapest, akakimbilia ubalozi wa Marekani. Akakaa humo mpaka Septemba 1971.

Sasa hapa ndipo penye utata. Vatikani ilikuwa inatafuta maelewano na serikali ile ili waumini wapate kupumua. Papa Paulo VI akamtaka atoke, akaenda kuishi Vienna. Akaombwa ajiuzulu, akakataa. Februari 1974 Papa akatangaza kiti chake kiko wazi. Yaani maadui walimshindwa, wakubwa wake mwenyewe ndio wakamweka pembeni.

Alifariki 1975 akiwa na miaka 83, akazikwa Austria. Aliacha wosia kwamba asirudishwe kwao mpaka utawala wa Moscow uanguke. Mwaka 1991 mwili ukarudishwa Esztergom.

Papa alikuwa na waumini wa kuwalinda, hilo halina ubishi. Ila mapatano yanawasaidia walio hai leo, na msimamo unawasaidia watakaokuja kesho. Mzee alichagua wa kesho, bili akalipa mwenyewe. Wadau, ungekuwa wewe ungejiuzulu?