Munganga Paul Ehrlich, mupimaji wa kinga

Wengi wetu tunazijua zile mbegu nyekundu zenye alama nyeusi ambazo watu wanazitunga kama shanga. Ndani yake muko sumu kali, jina lake abrini. Katika mbegu za mbarika muko ingine, risini. Leo tunawaletea maisha ya mutu aliyewapa panya sumu hizo mbili, apate kujua ginsi mwili unavyojikinga.

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika muji wa Strehlen, wakati ule inchi ya Prusia, leo Polonia. Alisoma uganga, lakini moyo wake ulikuwa kwa rangi. Alitia rangi za viwanda juu ya chembe za damu, akaona kila rangi inashika mahali pake. Usafi wa chumba haukuwa kazi yake: vitabu na karatasi vilijaa mpaka juu ya viti, na sigara kubwa haikumutoka kinywani. Lakini kwa hesabu hakuwa na muchezo.

Mwaka wa 1891, kule Berlin, alichanganya risini kidogo sana katika biskuti, akawalisha panya, akaongeza dozi pole pole. Kisha majuma machache panya wale walivumilia dozi kubwa kupita ile inayoua wenzao. Mutu mwingine angefurahi na kuacha. Yeye alitaka kujua ni mara ngapi kupita. Aliona tena kwamba kinga ya risini haisaidii kitu mbele ya abrini. Halafu akabadilisha watoto: wale wa mama asiye na kinga akawaweka kwa mama mwenye kinga, wanyonye. Wakapata kinga kwa njia ya maziwa! Sisi tunalipenda jaribio hili kupita yote.

Wakati ule difteri ilikuwa inaziba watoto koo na kuwaua. Behring na Kitasato walikuwa wameonyesha mwaka wa 1890 kwamba damu ya munyama mwenye kinga inashinda sumu. Basi watu wakatengeneza seromu (si ile ya kutundika kando ya kitanda). Shida ni hii: seromu moja iliponyesha, ingine ilikuwa zaifu, na mutoto hana wakati wa kungojea. Kuipima kwa sumu hakukutosha, sababu sumu ikikaa inapunguka nguvu ya kuua, lakini inaendelea kushika kinga. Mwaka wa 1897 Ehrlich aligeuza mambo: kipimo kisiwe sumu, kiwe seromu yenyewe, imekaushwa na kufungwa katika chupa bila hewa. Kila seromu mupya ililinganishwa na ile, kwa kutumia simbilisi wa garama 250.

Alipewa Nobel mwaka wa 1908, pamoja na Mechnikov. Na dawa yake ya kaswende, namba 606, aliyoipata pamoja na Mujapani Hata, ilianza kuuzwa mwaka wa 1910. Alikufa tarehe 20 Agosti 1915.

Sitokini, vile vitu ambavyo chembe za kinga zinatumia kwa kuitana, hakuzijua. Leo wanazipima katika damu ya panya kwa njia ya ELISA, iliyotokea Stockholm mwaka wa 1971. Kinga moja inashika sitokini chini ya kishimo, ya pili inaleta rangi. Rangi ikikolea, sitokini ni nyingi. Na kwa kujua ni ngapi, wanailinganisha na vishimo vya kando ambamo wametia kiasi kinachojulikana.