Robert Felkin: Daktari aliyeona jeraha la upasuaji likifungwa kwa vyuma 7 Bunyoro

Ukivuka Ziwa Victoria kutoka Chato kwenda kaskazini, unaingia Uganda. Huko, mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia upasuaji uliompa jina hadi leo.

Felkin alizaliwa 1853. Alikwenda Uganda kama mmisionari wa CMS, bado kijana, hata masomo ya udaktari hajamaliza.

Kijijini Kahura, Bunyoro, mama wa miaka kama 20 alikwama kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mganga Mnyoro alimnywesha pombe ya ndizi, akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo, kisha akampasua. Palipovuja damu aligusa kidogo tu kwa chuma cha moto.

Mtoto alipotolewa, jeraha lilibanwa kwa vyuma 7 vyembamba na nyuzi za gome la mti. Siku ya 11 lilikuwa limepona. Mama mzima, mtoto mzima.

Ulaya wakati huo, akina mama wengi waliopasuliwa hivyo walikufa. Felkin alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884. Alifariki New Zealand mwaka 1926.

Joto bado linatibu majeraha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv wameunganisha ngozi kwa leza yenye kipima joto, nyuzi joto karibu 60. Likizidi, nyama inaungua. Likipungua, jeraha halishiki.

Mganga wa Kahura alipimia jicho na mkono. Jina la Felkin limebaki vitabuni, la kwake halijulikani.