Jean-Marie Seroney: Aliyetaka Serikali Ikae Karibu na Jembe

Fort Ternan ni mji mdogo wa stesheni, kaskazini ya mji wa Kericho, pale reli ya kwenda Kisumu inapoteremka kutoka nyanda za juu. Wanazuoni wanaujua kwa mifupa ya Kenyapithecus, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita, ambaye Louis Leakey alimtangaza mwaka 1962. Wakulima wanaujua kwa miwa, kahawa na mahindi, na kwa chai ya vilima vya juu. Kaskazini yake ndiyo Tinderet, na Tinderet haitajwi ila akatajwa marehemu Jean-Marie Seroney, aliyekuwa Mbunge wake.

Seroney alizaliwa mwaka 1927 huko Nandi. Zama hizo mashamba mazuri ya upande huo yalikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu, na Mwafrika aliyakanyaga kama kibarua au maskwota tu. Kijana huyu alisomea sheria ng'ambo, akarejea akiwa miongoni mwa Wakalenjin wa kwanza kuwa mawakili. Mwaka 1961 akaingia Baraza la Kutunga Sheria kwa chama cha KADU, kilichoongozwa na mwana wetu wa Pwani, marehemu Ronald Ngala.

Hoja ya KADU ilikuwa majimbo. Wenyeji wa Bonde la Ufa, kama wenyeji wa Pwani, walichelea kwamba mkoloni akiondoka, ardhi itagawiwa na watu wa mbali wasioijua. Katiba ya mwaka 1963 ikayapa majimbo mabaraza yao, pamoja na kauli katika mambo ya ardhi. Lakini uhai wake ulikuwa mfupi. Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuingia KANU, na Disemba hiyo Kenya ikawa jamhuri. Mamlaka ya majimbo yakarudi Nairobi.

Wengi wa wenzake walinyamaza. Seroney hakunyamaza. Julai 1969 alitoa lile Azimio la Nandi Hills, lililodai kuwa ardhi ya Nandi ni ya Wanandi, na wageni waliopewa mashamba humo waondoke. Alishtakiwa kwa uchochezi, akapatikana na hatia na kutozwa faini.

Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyoyapokonya mabaraza ya wilaya kazi za shule za msingi, afya na barabara, kuanzia Januari 1970. Huenda mtu wa mjini asilione zito hilo. Mkulima analiona. Majani ya chai yakishachumwa hayalali. Sharti yafike kiwandani siku ile ile. Miwa iliyokatwa nayo, ikikawia, hupungua sukari. Lori likizama kwenye tope, na diwani unayemjua hana tena fungu la barabara, utamlilia nani?

Mwaka 1975 Seroney alichaguliwa Naibu Spika. Oktoba hiyo, Martin Shikuku alidai Bungeni kwamba wako wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Alipotakiwa athibitishe, Seroney, aliyekuwa kitini, alitoa uamuzi kuwa jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa mle mle Bungeni, wakatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Walitoka Disemba 1978, baada ya Mzee Kenyatta kufariki. Uchaguzi wa mwaka 1979 Seroney alishindwa, na mwaka 1982 akaiaga dunia.

Msomaji, tukimsifu tusimsifu kwa upofu. Aliona sawasawa kwamba mamlaka yaliyo mbali hayamjui mkulima. Azimio lake, hata hivyo, lilihesabu ukoo wa mtu kabla ya jasho lake. Oktoba 1991, miaka tisa baada ya kufa kwake, mapigano ya kikabila yalizuka katika shamba la Meteitei, huko huko Tinderet, yakaenea katika mashamba ya jirani na kwingineko Bonde la Ufa. Waliopigana na waliokimbia walikuwa wakulima, na mazao yakabaki bila mwenyewe. Hakuwapo kuyachochea wala kuyazuia, bali deni lile la ardhi lilikuwa halijalipwa.

Katiba ya mwaka 2010 imeyarudisha mengi aliyoyapigania: tangu 2013 kilimo na barabara za mashinani zimo katika kazi za kaunti. Fort Ternan iko Kericho, hatua chache tu kutoka Nandi na Kisumu, na mashamba yake yanalimwa na watu wa asili mbalimbali. Wakalenjin wa kale walikuwa na kokwet, baraza la majirani ambapo wazee walikaa chini ya mti wakaamua mambo ya kitongoji chao. Kaunti ikiwa kokwet ya kila anayelima, itakuwa imelitimiza lile jema la Seroney na kuliepuka baya lake. Ikiwa ya ukoo mmoja, itakuwa imeileta dhulma karibu zaidi na shamba.

Mungu amlaze mahali pema.