Nabii Ezekieli: Kuhani Asiye na Hekalu, Shahidi wa Baraka

Wapendwa waamini, kuhani wa Agano la Kale alikabidhiwa wajibu mkubwa wa aina mbili: kutoa sadaka kwa niaba ya watu, na kuwabariki watu kwa jina la Mungu. Kitabu cha Hesabu kinaeleza jinsi Haruni na wanawe walivyopewa baraka hiyo waitamke juu ya Israeli. Je, kuhani akinyang'anywa hekalu, madhabahu na nchi yake, baraka nayo hukatika? Maisha ya Nabii Ezekieli, mwana wa Buzi, yanatupatia jibu ambalo Kanisa limelitafakari tangu nyakati za Mababa.

Ezekieli alikuwa wa ukoo wa makuhani. Mwaka 597 K.K. Nebukadneza, mfalme wa Babeli, aliutiisha mji wa Yerusalemu, akamchukua mfalme kijana Yehoyakini pamoja na wakuu, mafundi na askari. Ezekieli alikuwa miongoni mwa waliohamishwa. Aliishi na wenzake Tel-Abibu, kando ya mto Kebari, katika nchi tambarare ya Wakaldayo. Alikuwa na nyumba na mke, lakini hakuwa na madhabahu ya kuhudumia.

Mwaka wa tano wa uhamisho, yaani 593 K.K., mbingu zilifunguka mbele yake. Kitabu chake kinautaja pia mwaka wa 30, na wafafanuzi wengi huuelewa kuwa umri wake. Ikiwa ndivyo, basi alikuwa amefikia umri ambao Kitabu cha Hesabu kinautaja kuwa mwanzo wa utumishi katika hema ya kukutania. Katika mwaka ambao angesimama mahali patakatifu, alijikuta ugenini, katika nchi iliyohesabiwa kuwa najisi. Ni huko alikoona dhoruba kutoka kaskazini, viumbe hai wanne, magurudumu yaliyojaa macho na, juu ya yote, mfano wa kiti cha enzi. Magurudumu hayo yana fundisho kubwa: enzi ya Mungu haikufungwa Yerusalemu. Mungu alikuwa amewafuata watu wake hadi uhamishoni.

Hata hivyo, maono hayo hayakumletea nabii faraja nyepesi. Alilishwa gombo lililoandikwa maombolezo, nalo likawa tamu kinywani mwake kama asali. Aliuchora mji juu ya tofali na kuigiza kuzingirwa kwake. Mwaka uliofuata alichukuliwa katika maono mpaka Yerusalemu, akaona ibada za sanamu ndani ya hekalu lenyewe, kisha akauona utukufu wa Bwana ukitoka hatua kwa hatua, kizingitini, langoni, hadi mlima ulio mashariki ya mji. Lakini katika maono hayohayo Mungu aliahidi kuwa yeye mwenyewe ni patakatifu kwa wale waliotawanyika.

Wakati huo walikuwapo manabii wengine waliotangaza amani pasipo amani. Ezekieli aliwafananisha na watu wanaoupaka chokaa ukuta dhaifu, ambao mvua ikinyesha huanguka. Aliwakemea pia waliotabiri ili wapate makonzi ya shayiri na vipande vya mkate. Kwake, neno la Mungu halikuwa bidhaa.

Kisha ukaja msiba mzito. Mkewe, aliyekuwa furaha ya macho yake, alifariki dunia ghafla jioni moja, na nabii akaagizwa asiomboleze hadharani: avae kilemba na viatu vyake, wala asile chakula cha matanga. Ukimya wake ukawa ishara kwa taifa lililokuwa karibu kupotewa na hekalu lake. Hekalu liliteketezwa mwaka 587 au 586 K.K. Mtoro aliyetoka Yerusalemu alipofika na habari hizo, kinywa cha Ezekieli kilifunguliwa.

Hapo, wakati ambapo hapakubaki kitu cha kujivunia, ndipo sauti ya baraka inaposikika kwa nguvu zaidi. Mungu anaahidi kuwachunga kondoo wake mwenyewe na kuwanyeshea mvua za baraka kwa majira yake. Anaahidi moyo mpya mahali pa moyo wa jiwe. Katika bonde, mifupa mikavu inaungana na kupokea pumzi. Mwaka 573 K.K. Ezekieli anaonyeshwa hekalu jipya, na utukufu unarudi kwa njia ileile ya mashariki. Chini ya kizingiti chake maji yanachuruzika. Kila baada ya dhiraa 1000 kina chake huongezeka: vifundoni, magotini, kiunoni, kisha mto usiovukika, unaoponya hata maji ya Bahari ya Chumvi.

Kanisa limeyapokea maono haya kama hazina. Mapokeo yamewaona Wainjili wanne katika wale viumbe hai. Mtakatifu Gregori Mkuu alikihubiri kitabu hiki mjini Roma wakati Walombardi wakiutishia mji. Katika Mkesha wa Pasaka tunasoma ahadi ya moyo mpya, na wakati wa Pasaka wimbo wa kunyunyizia maji unatukumbusha maji yale ya hekalu, ambayo sisi tunayatambua yakitoka ubavuni mwa Kristo na kutufikia katika Ubatizo.

Wapendwa, leo wako wanaouza mafuta, maji na utabiri kwa watu waliolemewa na magonjwa, madeni na misiba. Mwenye uchungu huvutwa na njia ya mkato. Ezekieli anatufundisha kwamba baraka ya Mungu hainunuliwi, wala haipiti pembeni ya ukweli na toba. Hata watu wa nyakati zake walikuja kumsikiliza kama mwimbaji mwenye sauti nzuri, wakarudi nyumbani pasipo kutenda. Tusiwe hivyo. Aliyepotewa na kazi, mwenzi au nyumba asidhani kwamba Mungu amebaki nyuma. Nabii anaumaliza unabii wake kwa kuupa mji mpya jina linalotangaza kwamba Bwana yumo humo. Tuyaendee maji hayo katika Kitubio na Ekaristi, tukianza hata pale yanapofika vifundoni tu.