Freddie Laker

Sir Frederick Alfred Laker (Canterbury, Uingereza, 6 Agosti 1922 – Florida, Marekani, 9 Februari 2006), aliyejulikana zaidi kama Freddie Laker, alikuwa mfanyabiashara wa usafiri wa anga kutoka Uingereza. Anakumbukwa kwa kuanzisha Skytrain, safari za nauli nafuu kati ya London na New York zilizoanza mwaka 1977. Kampuni yake, Laker Airways, ilifilisika mwaka 1982.

Maisha ya awali

Laker alikulia katika familia isiyo na uwezo mkubwa. Baba yake aliondoka nyumbani Freddie akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na mama yake. Baada ya shule alijifunza ufundi katika kiwanda cha ndege cha Short Brothers mjini Rochester. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumika katika kikosi cha kiraia kilichopeleka ndege mpya kutoka viwandani hadi kwa wanajeshi.

Vita vilipokwisha alianza biashara ya kununua na kuuza ndege na vipuri vilivyobaki. Mwaka 1948 alinunua ndege 12 za aina ya Halton kutoka shirika la BOAC, kwa fedha za mkopo wa rafiki. Muda si mrefu Umoja wa Kisovyeti ulifunga barabara na reli za kuingia Berlin Magharibi, na kila ndege iliyoweza kubeba mzigo ikatakiwa kupeleka chakula na mafuta mjini humo. Ndege ambazo watu waliziona kuwa vyuma chakavu zikampatia Laker utajiri wake wa kwanza. Kazi ya Berlin ilipomalizika mwaka 1949 hakungoja soko lianguke. Nyingi alizikatakata na kuuza madini yake, na sehemu ya aluminiamu hiyo iliishia kuwa sufuria.

Katika miaka ya 1950 alivusha magari ya watalii kwa ndege kutoka Southend hadi bara la Ulaya. Karakana yake pia iligeuza ndege za DC-4 kuwa Carvair, zenye pua inayofunguka ili magari yaingie kwa mbele. Jaribio lake la kuunda ndege mpya ya abiria, iliyoitwa Accountant, halikupata mnunuzi. Mwaka 1958 aliuza makampuni yake, na kuanzia mwaka 1960 akawa mkurugenzi wa British United Airways, kampuni binafsi ambayo safari zake zilifika pia Nairobi na Entebbe. Akiwa huko aliagiza ndege za BAC One-Eleven kabla ya kampuni nyingine yoyote. Alijiuzulu mwaka 1965 baada ya kutoelewana na mwenyekiti wake.

Laker Airways

Laker Airways ilianza kuruka mwaka 1966 kutoka uwanja wa Gatwick. Ilikuwa kampuni ndogo ya ndege za kukodi, ikiwa na Britannia mbili za zamani na One-Eleven chache mpya. Laker alibana matumizi kwa njia ambazo wengine walikuja kuziiga. Marubani wake waliruka bila kutumia nguvu yote ya injini pale ambapo uzito wa ndege na urefu wa njia viliruhusu. Hivyo mafuta yalipungua na injini zilidumu zaidi.

Zama hizo nauli za ndege za ratiba kati ya Ulaya na Marekani zilipangwa kwa makubaliano ya mashirika yenyewe, kwa idhini ya serikali. Nauli nafuu ya ndege ya kukodi ilikuwa halali kwa wanachama wa chama fulani tu, tena waliojiunga angalau miezi sita kabla. Matokeo yake yalikuwa kichekesho: vyama vya uongo vilizuka kila mahali, na maofisa walikuja uwanjani kuwahoji abiria, wakiwamo wazee, na kuwateremsha walioshindwa kujieleza. Laker aliona ni afadhali kumwuzia kila mtu tiketi ya bei ndogo waziwazi.

Skytrain

Aliomba leseni mwaka 1971. Wazo lake lilikuwa kuendesha ndege kama treni: hakuna kuhifadhi nafasi, tiketi inanunuliwa siku ya safari, na anayetaka chakula anakilipia. Alikuwa na hakika kiasi kwamba alinunua DC-10 mbili kubwa mwaka 1972, miaka mitano kabla ya Skytrain kuruka. Kwa muda huo zilifanya kazi za kukodi. Mwaka 1975 serikali iliamua kuizuia Skytrain ili kulinda shirika la umma, British Airways. Laker alishtaki na kushinda, na mwaka 1976 Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kwamba waziri alivuka mamlaka yake. Kibali cha Marekani kilitolewa na Rais Jimmy Carter mwaka 1977.

Safari ya kwanza iliondoka Gatwick tarehe 26 Septemba 1977. Nauli ya kwenda New York ilikuwa pauni 59, chini ya nusu ya nauli ya kawaida. Watu ambao hawakuwahi kufikiria kupanda ndege walipanga foleni usiku kucha. Mwaka 1978 alipewa cheo cha Sir, na baadaye Skytrain ikafika Los Angeles na Miami.

Anguko

Mashirika makubwa hayakukaa kimya. Tangu mwanzo yalitoa idadi ya viti kwa bei iliyokaribia ya Laker, yakifidia kwa nauli za wafanyabiashara waliokaa mbele. Laker hakuwa na abiria wa namna hiyo.

Uamuzi wake kuhusu ndege ulimdhuru zaidi. Ajali ya DC-10 ya kampuni nyingine mjini Chicago, Mei 1979, iliua watu 273, na ndege zote za aina hiyo zilizuiwa kuruka kwa wiki kadhaa. Skytrain ilitegemea DC-10, hivyo ilisimama katika msimu wenye abiria wengi. Hata hivyo aliongeza DC-10 nyingine za masafa marefu, kisha akaagiza Airbus A300 kumi kwa ajili ya Skytrain ya Ulaya. Leseni za njia hizo za Ulaya hakuwa nazo, na serikali zilizolinda mashirika yao hazikumpa. A300 tatu zilizofika mwaka 1981 hazikuwa na njia zilizokusudiwa.

Ndege hizo zilinunuliwa kwa mikopo ya dola, ilhali sehemu kubwa ya mapato yake ilikuwa pauni. Mwishoni mwa 1980 pauni moja ilikuwa takriban dola 2.40, katikati ya 1981 ilishuka hadi karibu 1.80. Hivyo kila dola milioni 10 za deni, zilizokuwa pauni milioni 4.2, ziligeuka pauni milioni 5.6. Wakati huohuo Uingereza ilikuwa katika mdororo wa uchumi, na Oktoba 1981 Pan Am ilipunguza nauli zake kwa kiasi kikubwa. Laker Airways ilifungwa tarehe 5 Februari 1982, na maelfu ya abiria wakakwama. Wananchi wengi walijitolea kuchanga fedha za kuiokoa, jambo la nadra kwa kampuni binafsi, lakini deni lilizidi pauni milioni 250.

Mfilisi aliyashtaki mashirika kadhaa Marekani, likiwamo British Airways, akidai yalikula njama ya kumwangamiza Laker na kuzuia mpango wa kumwokoa. Mwaka 1985 walalamikiwa walikubali kulipa nje ya mahakama, na Laker mwenyewe alipata dola milioni 8. Kesi hiyo ilichelewesha kuuzwa kwa British Airways kwa watu binafsi hadi mwaka 1987.

Miaka ya mwisho

Laker alihamia Bahamas. Katika miaka ya 1990 alirudi na kampuni ndogo za ndege huko na Florida, lakini hazikufikia ukubwa wa ile ya kwanza. Richard Branson, aliyeanzisha Virgin Atlantic mwaka 1984, alimwomba ushauri, na Laker alimwonya asitegemee nauli ya chini peke yake bali awe pia na daraja la wafanyabiashara. Moja ya ndege za Virgin aina ya Boeing 747 ilipewa jina la Spirit of Sir Freddie. Laker alifariki akiwa na umri wa miaka 83.