Marie Curie na Upimaji wa Mionzi

Umekwisha kujifunza kwamba mionzi itokayo katika uraniamu haionekani kwa macho, hainusiki wala haishikiki. Itapimwaje basi? Soma habari za mwanamke aliyelishughulikia swali hilo maisha yake yote.

Marie alizaliwa mwaka 1867 mjini Warsaw, katika sehemu ya Polandi iliyotawaliwa na Urusi. Chuo Kikuu cha huko hakikupokea wanawake. Kwa hiyo yeye na dada yake walipatana: Marie afundishe watoto katika nyumba za watu na kumsaidia dada yake asomee uganga Paris, kisha dada naye amsaidie yeye. Zamu ya Marie ilifika mwaka 1891. Huko Ufaransa aliolewa na mwanasayansi Pierre Curie mwaka 1895.

Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba uraniamu hutia alama katika bamba la picha lililofunikwa kwa karatasi nyeusi. Alama hiyo huonyesha kwamba mionzi ipo, lakini haionyeshi vizuri kiasi chake. Marie alitumia njia nyingine. Mionzi hiyo huifanya hewa ipitishe umeme kidogo. Mionzi ikizidi, na mkondo wa umeme huzidi. Kifaa cha kupimia mkondo hafifu namna hiyo kilikuwapo, kwa kuwa Pierre na kaka yake walikuwa wamekibuni.

Akapima madini mbalimbali, moja baada ya jingine. Ndipo alipoona jambo la ajabu: mawe yaliyochimbwa yenye uraniamu yalitoa mionzi mingi kuliko uraniamu tupu. Fikiri kidogo kabla ya kuendelea kusoma. Je, chai yenye maziwa yaweza kuwa na maziwa mengi kuliko maziwa yenyewe? Ilikuwa lazima mawe hayo yawe na kitu kingine ndani yake. Mwaka 1898 Marie na Pierre walitangaza elementi mbili mpya, poloniamu na radiamu.

Kuitenga radiamu kulikuwa kazi ya sulubu. Katika banda lililovuja, Marie alichemsha madini na kuyakoroga kwa fimbo ya chuma. Mwaka 1902, baada ya kusafisha tani kadhaa, alipata gramu 0.1 tu ya kloridi ya radiamu.

Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 pamoja na Pierre na Becquerel, na nyingine peke yake mwaka 1911. Pierre alikuwa amekufa mwaka 1906, alipokanyagwa na gari la farasi.

Kizio cha mionzi kiliitwa curie. Curie moja ni karibu sawa na mionzi ya gramu moja ya radiamu, ambamo atomu 37,000,000,000 huvunjika kila sekunde. Tangu mwaka 1975 kizio cha kimataifa ni becquerel, yaani atomu moja kuvunjika kwa sekunde.

Lakini mionzi iliyoingia mwilini mwake Marie hakuipima. Vizio vya kazi hiyo, gray na sievert, vilikuja baadaye. Alishika radiamu kwa mikono mitupu, na vidole vyake vikaungua. Alikufa tarehe 4 Julai 1934, uboho wa mifupa yake ukiwa umeshindwa kutengeneza damu. Nusu ya atomu za radiamu huvunjika kwa muda wa miaka 1,600 hivi. Ndiyo maana madaftari yake yangali yakihifadhiwa Paris katika masanduku yenye madini ya risasi.